Mlango wa Saa Nne Kasorobo

Jumatatu asubuhi watu wanne walishusha mlango wa chuma mbele ya kibanda cha fundi vitasa, wakauegemeza ukutani, wakaondoka bila hata kuomba maji ya kunawa masizi. Ulikuwa mlango wa ghala la kiwanda cha magodoro, lililoungua wiki tatu nyuma na wanawake saba ndani. Ilipofika saa nne kasorobo, mlango ukaanza kugongwa kwa ndani.

Fundi alikuwa anachonga ufunguo wa mteja. Akautazama mlango, akatazama ukuta ulio nyuma yake, akamalizia meno mawili yaliyobaki. Kugonga kuliendelea dakika kumi na moja.

Jirani yake, kinyozi, alichungulia na mashine mkononi. "Jirani, huo mlango wako una kelele. Nusura nimkate mtu sikio."

"Si wangu. Ni wa kiwanda."

"Basi waambie wa kiwanda wapunguze."

Jumanne, saa ileile, fundi aliacha kazi akasikiliza. Wagongaji walikuwa saba, kila mmoja na mkono wake. Mmoja aligonga mara mbili harakaharaka, akanyamaza, kisha akamalizia moja ya uvivu. Hivyo ndivyo mdogo wake fundi alivyogonga mlango wa bafu tangu utotoni, dada mtu akichelewa kuoga. Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti, hakumficha mtu. Alipomaliza, akachukua bisibisi akafungua kitasa.

Ulimi wa kitasa, kile kipande kinachoingia kwenye fremu ukizungusha ufunguo, ulikuwa umetoka nje wote, urefu wa vidole viwili, umejipinda kwa moto na kukwama hapohapo. Kitasa kilichoachwa wazi hakiungui hivyo. Ripoti ya ule moto ilisema mlango ulikuwa wazi, ila wafanyakazi walichanganyikiwa wakasahau kutoka. Wote saba, kwa pamoja, wakasahau.

Jumatano meneja wa kiwanda alikuja mwenyewe, viatu vinang'aa.

"Fundi, kazi ndogo tu. Rudisha huo ulimi ndani, kitasa kizunguke vizuri. Wakaguzi wanakuja Ijumaa."

Alimletea yeye kwa sababu vitasa vizito vya namna ile hakuna mwingine mtaani aliyeviweza. Kwamba alikuwa na mdogo wake kiwandani, meneja hakujua. Kwenye orodha yake wanawake waliandikwa kwa namba.

"Huu ulifungwa kwa nje," fundi alisema.

"Walikuwa wanatoroka kwenda kunywa chai," meneja alisema, kisha akajirekebisha. "Ulikuwa wazi."

Mlango ukaanza kugongwa. Meneja akatazama saa yake, akapandisha sauti kidogo ili asikike. "Kibanda chako kiko kwenye hifadhi ya barabara. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Na namba kumi na tisa ni mdogo wangu, tumbo moja. Ndiye huyo wa mara mbili na moja, msikilize. Kitasa sigusi, na mlango hauondoki hapa."

"Utabomolewa, mama."

"Nibomoeni."

Alhamisi alichimba, akamwaga zege, akasimamisha fremu ikitazama barabara. Akauweka mlango uwe wa kibanda chake, ulimi umetokeza nje wapita njia wauone, akaufunga kwa komeo dogo la dirisha. Ijumaa wakaguzi walikwenda kiwandani, wakaonyeshwa mlango mpya uliopakwa rangi asubuhi hiyo, wakausifu, wakatia saini.

Jumatatu iliyofuata likaja tingatinga. Kuta za kibanda zilikwisha kabla chai ya kinyozi haijapoa. Mlango ulisukumwa mara tatu, na mara zote tatu injini ikazima. Dereva alishuka, akaukagua, akasema yeye aliagizwa kubomoa kibanda, na kibanda kimekwisha. Akaenda zake.

Sasa fundi anafanya kazi juani, meza moja na mwavuli wa kuazima kwa kinyozi, pembeni ya mlango uliosimama peke yake. Ripoti haijabadilishwa hata nukta. Gari la meneja hupita pale kila siku, vioo juu.

Saa nne kasorobo wanagonga. Fundi anaweka chini tupa ya kuchongea, anamwacha mteja akisubiri, anavuta komeo na kufungua mlango mpaka mwisho. Joto linatoka, kama la tanuri, linapita usoni mwake na kuvuka barabara. Kugonga kunakoma.

"Tokeni," anasema kila siku. "Tokeni, uko wazi."

Kesho yake wanagonga tena.