Ngumi ya Waitara

Waitara wa Machochwe alitahiriwa amesimama, macho wazi, rika lake lote likimtazama, na hakupepesa. Kwa hiyo madaktari walipomtoa uvimbe wa kansa tumboni, mwaka mmoja baada ya watu wa kwao kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, hakuona sababu ya kuanza kulialia uzeeni.

Pale hospitali ya misheni Daktari Nikodemo alikuwa akifanya utafiti. Alitaka kujua ni dawa ipi inayomtuliza vizuri zaidi mtu aliyetoka kupasuliwa. Asubuhi na jioni Sista Agustina alipita kila kitanda. Mgonjwa alitakiwa kuonyesha kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu; kidole kimoja, maumivu kidogo; vitano, hayavumiliki.

Waitara alikunja ngumi. Kila alipoulizwa, ngumi.

Kitanda cha jirani alilala Swaleh, fundi cherehani wa Mugumu, aliyepasuliwa ngiri. Huyu alinyoosha vidole vitano, halafu akainua na mkono wa pili.

"Mmoja hautoshi, sista."

"Wewe ni mwanamume kweli?" Waitara akamwuliza. "Kwetu ungeolewa."

"Kwa ng'ombe wangapi?"

Wodi nzima ikacheka. Waitara naye angecheka, ila kucheka kulimchana tumbo.

Homa ikampanda. Daktari akamwuliza habari ya tumbo, akapewa ngumi. "Basi ni malaria," akasema, akamwandikia klorokwini. Na chini ya nyuzi za kidonda, upande wa kushoto, Waitara alisikia kama amefukiwa kaa la moto.

Asubuhi iliyofuata watu wawili wa rika lake, Heche na Matiko, walikuja kumwona. Walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda daktari alipoingia. Swaleh akajiinua kwa kiwiko.

"Daktari, huyu mzee anakudanganya. Akijigeuza anauma blanketi. Jana nusura alitoboe."

"Nyamaza, mshona magauni," Waitara akasema.

Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mzee Waitara, wanaume wote wa huku mnanipa ngumi. Mimi naandika kwamba dawa hii ni ya ajabu. Kesho nitampa mwingine kwa sababu ya ngumi zenu, naye ataumia bure. Na wewe, kama kuna usaha humo ndani, utakufa kwa heshima zako zote. Nionyeshe."

Waitara akamtazama Heche, aliyesimama bega kwa bega naye siku ya kisu. Kisha akafungua mkono wote, vidole vitano.

Heche akageukia dirisha. Hakuna aliyecheka.

Wakamrudisha chumba cha upasuaji saa ile ile. Usaha ulikuwepo, mwingi. Alipozinduka, mwili ulikuwa umepoa, na Heche alikuwa bado amekaa pale.

"Siku ile tulisimama kitambo tu," Heche akamwambia. "Wewe umesimama siku zote hizi peke yako. Mjinga wewe."

Waitara akageuza kichwa polepole.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Umeniponya. Asante sana."

"Mshukuru Mungu, mimi nilitaka kulala. Unavyosaga meno ni kama kinu."

Daktari alifuta majibu yote ya ngumi, akamwagiza sista awe anawakohoza wanaume kwanza, awatazame nyuso, ndipo awaulize. Na Boke, mke wa Waitara, akaambiwa na mumewe awe analeta uji wa watu wawili. Aliyemiminiwa wa kwanza ni Swaleh.