Kumbatio la Strahil na Minko

Kila mwaka, siku ya mji wetu, katika igizo la jukwaani mimi huwa Strahil na Kuncho huwa Minko. Strahil alikuwa mwasi wa milimani, hakutaka hata kuwasikia watu wa Sultani wa Kituruki aliyetutawala zamani. Minko alikuwa tajiri aliyeamini kwamba serikali, hata ile, ukiibembeleza itakusikia. Waliishi mji mmoja, zama moja, lakini kama waliwahi hata kusalimiana, hakuna ajuaye. Basi mwalimu mmoja, Mungu amrehemu, akawatungia mkutano unaoishia kwa kukumbatiana, maana watu wakija na watoto hawataki kurudi nyumbani na kinyongo.

Kuncho ni rafiki yangu tangu utoto. Halafu akawa meya, akakubali hospitali yetu ifungwe. Nilimfuata ofisini kwa ajili ya mke wangu, Yordanka.

"Moyo wa Yordanka unazidi kusumbua," nilimwambia. "Akizidiwa je?"

"Spas, punguza presha. Wakubwa wa mji mkuu, kule Sofia, wameahidi gari la wagonjwa. Subiri tu."

Nikasubiri. Mke wangu alifia kwenye kona za barabara ya kuteremka bondeni, ndani ya gari la jirani, kichwa mapajani mwangu. Tangazo la kifo chake, lenye picha, nililibandika mlangoni kwetu kama ilivyo desturi, na jingine mlangoni pa ofisi ya meya. Kuncho hulipita kila asubuhi. Hajawahi kuniambia hata pole.

Mwaka huu nilijifunga tena bastola ya mbao. Nilijiapiza: akinipa pole, hata kwa kunong'ona, nitamkumbatia. Asiponipa, basi.

Jukwaani Kuncho, tarbushi imemfunika mpaka masikioni, alinyoosha mikono. "Serikali itasikia, ndugu yangu. Subiri."

Hapo mimi hujibu, "Nitasubiri," tunakumbatiana, ngoma inalia.

"Yordanka alisubiri," nikasema.

Baadhi ya watu wakapiga makofi, wakidhani ni maneno mapya. Mikono ya Kuncho ilibaki hewani. Akanisogelea sikioni, nami, mjinga, nikamtegea sikio.

"Spas, bwana, watu wanatutazama."

Nikashuka jukwaani. Nilidhani nitapata nafuu, sikupata. Sasa hata rafiki wa kula naye supu ya maharage jioni sina.

Ila lile swali la zamani nimeshalijibu. Walikutana, Strahil na Minko. Mmoja alinyoosha mikono, mwingine akaenda zake.