Kiti Kilichogoma Kushuka

Tangu asubuhi mzee alikuwa akipigana na baiskeli yake kuukuu. Kesho binti yake angeipanda kwenda kuanza kazi upande wa pili wa mji, lakini miguu yake haikufika kwenye pedali. Kiti kilipaswa kushuka, na bomba lake lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya fremu kama kupe. Mzee alimimina mafuta, akagonga kwa nyundo, akakibana kiti kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, na kuizungusha baiskeli nzima. Wapi!

"Baba, nitatembea tu."

"Utembee na mimi nipo? Kaa hapo!"

Mkewe akatoka jikoni akifuta mikono. "Na ile skrubu uliyoipenyeza hapo nyuma, ukaipaka rangi ili wezi wasiibe kiti, umeitoa?"

Mzee akakwangua rangi kwa ukucha. Skrubu hiyo hapo.

"Wewe mwanamke! Muda wote huu ulikuwa unajua?"

"Si ulinifukuza? Ulisema kazi ya fundi haiingiliwi."

Mzee akaifungua skrubu. Bomba likashuka lenyewe. Binti akapanda, akazunguka uani, miguu ikifika vizuri kwenye pedali.

"Ni yale mafuta yangu," mzee akanung'unika.