Nyumba Inauzwa Kabla ya Mvua

Ulimi hauna mfupa, na wa dalali ndio kabisa. Huyu alikuwa mdogo wake Mshonaji, tumbo moja, na mtaani walimwita Mdomo Asali. Asubuhi ile alikuja kuiuza nyumba ya dada yake. Ikinyesha mara moja tu, alisema, bei za bondeni zitaporomoka, za mlimani zitapanda tena, na yeye dada atabaki hapo na maji yake.

"Wewe kaa kimya, dada. Kusema niachie mimi."

Mshonaji akakubali. Nyumba ilikuwa imeingiwa na maji mara tatu ndani ya miaka minne. Mara ya mwisho vitambaa vya wateja vilioza, cherehani ikashika kutu, na tangu hapo wingu likitanda tu anaanza kukunja vitambaa. Alitaka kuhama. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Kuta zilikuwa zimepakwa upya, kahawia nzito chini na krimu juu, na ile alama ya matope iliyozunguka nyumba nzima haikuonekana tena. Fundi rangi aliijua kazi yake. Ila fundi rangi hagusi umeme, na Mdomo Asali, pamoja na ujanja wake wote, hakukumbuka kuangalia soketi.

Saa nne wateja wakabisha hodi: muuguzi mwenye mtoto mgongoni, na mama mkwe wake. Muuguzi hakuwa mtu wa porojo. Alipita chumba kwa chumba akigonga kuta kwa kidole, kisha akasimama sebuleni.

"Mbona soketi ziko juu hivi? Zinanifika kifuani."

"Ah, watoto, mama," dalali akadakia. "Hapa walilelewa watundu, kila tundu wanatia kidole."

"Watundu wa urefu gani hao?" mama mkwe akauliza. "Mimi mtu mzima zinanipita bega."

Mdomo Asali akacheka peke yake. Nje mwanga ulikuwa umefifia. Matone ya kwanza yalipogonga bati, Mshonaji akashika mlango. Muuguzi alifungua mbeleko, akaitandika kwenye kona ya dirisha, akamlaza mtoto. "Kitanda chake kitakaa hapa hapa," akasema.

Uvumilivu ukamwishia Mshonaji. "Mwanangu, usimlaze hapo."

"Dada," mdogo wake akaonya.

"Niache. Maji yanaanzia kona hiyo, yanapanda mpaka karibu na soketi, ndiyo maana tulizihamishia juu. Yameshaingia mara tatu. Rangi hii ni ya juzi tu."

Aliyasema haraka, kabla hajajuta, na majuto yakamfuata papo hapo. Mteja mwingine angemtoa wapi, na mvua ndiyo hiyo imeshaanza? Mdomo Asali alishaanza kuelekea mlangoni.

Muuguzi akamwinua mtoto taratibu. Hakukasirika.

"Tunajua, mama. Sisi tunatoka huko chini zaidi, karibu na daraja. Kwetu yalifika kwenye dari. Huko mlimani hata kiwanja kitupu hatukiwezi. Hapa angalau mtu anabaki na pa kupumulia."

"Tunaichukua," mama mkwe akasema. "Ila gharama ya rangi mtaipunguza kwenye bei."

Nyumba ikawa imeuzika. Mshonaji aliisubiri siku hiyo miaka minne, na sasa imefika anaona aibu tupu. Mvua ilikuwa imekolea, ikabidi wapaaze sauti.

"Niambie kitu kimoja tu, mama," muuguzi akasema. "Yakija, huwa unakimbilia wapi?"

Mshonaji akamtazama mtoto, kisha akatazama sakafu.

"Hakuna pa kukimbilia, mwanangu. Mimi hupanda juu ya meza ya kukatia vitambaa." Akafikiri kidogo. "Nitakuachia."