Ukurasa wa Pili wa Dawa ya Wifi

Wifi yake alimbandika jina la Daktari wa Panya wiki ileile aliyoolewa, na miaka tisa baadaye jina lilikuwa halijachuja hata kidogo. Si kwamba lilikuwa uongo. Kazi yake kule maabara ilikuwa panya kweli: kuwalaza usingizi, kuwapasua tumbo, kuingiza mrija mwembamba kwenye njia inayotoa nyongo kwenye ini, kisha kukaa na saa akikinga matone. Kila nusu saa kichupa kipya, kila kichupa kwenye mizani. Kazi inataka subira, na subira alikuwa nayo tele, isipokuwa kwa wifi yake.

Huyo wifi, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa na duka la dawa za mizizi. Mwanamke wa sauti ya juu na kidole cha kukunyooshea usoni. Miaka miwili iliyopita alipeleka maabara chupa ya mzizi wake mchungu, ule anaowauzia watu wa macho ya manjano, akataka upimwe. Ukapimwa. Nyongo ya panya ikatoka maradufu! Basi ripoti ikatiwa fremu, ikatundikwa juu ya rafu, na kwa mara ya kwanza Daktari wa Panya akaitwa "wifi yangu kipenzi" mbele za watu.

Sasa asubuhi hii mumewe aliamka na macho kama kiini cha yai. Anajikuna mpaka ngozi inatoka, mkojo rangi ya chai kavu.

"Saa sita naomba ruhusa, nakuja, tunakwenda hospitali," mkewe alimwambia. "Usiende popote."

Saa sita alikuta kitanda kitupu.

"Dada yake kaja kumchukua," jirani alisema juu ya ukuta.

 Hakutoka mbio papo hapo. Alifungua kabati, akapenyeza mkono chini ya mashuka, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndipo akakimbia hadi dukani kwa wifi yake.

"Haya, Daktari wa Panya huyo," wifi yake alisema bila kugeuka. Alikuwa anamimina kikombe cha tatu. Mgonjwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, mkono umeshika ubavu wa kulia. Wateja wawili kwenye benchi wakasogea ili wasikie vizuri.

"Weka hicho kikombe chini."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu. Huyo ni mume wangu."

"Na mimi huyu nimembeba mgongoni wewe hujaota hata meno. Toka hapa!"

"Wifi, nisikilize. Dawa yako inazalisha nyongo, sawa. Lakini yeye ana kitu kimeziba njia, pengine kijiwe. Nyongo haina pa kutokea. Unazidi kumjaza."

Wifi yake akacheka, cheko la kumtafuta mtu ugomvi. Akanyoosha kidole kwenye fremu. "Soma hapo. Soma kwa sauti, wateja wangu wasikie. Sahihi ya nani ile?"

"Yangu."

"Mke wangu," mumewe alisema kwa taabu, "si wewe uliyeandika? Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Sikudanganya. Panya wale walikuwa na mrija. Nyongo ilipata njia. Wewe huna mrija."

"Porojo!" Wifi yake akainua kikombe kuelekea mdomoni mwa ndugu yake, naye akafungua mdomo kama mtoto, kwa sababu dada ni dada.

Mkewe angeweza kukipokonya kikombe kile. Kingemiminwa kingine. Iliyobaki ni karatasi tu, na alijua vizuri itamtoa roho nani.

"Ripoti ilikuwa na kurasa mbili," alisema. "Nilikupa mmoja."

Akaikunjua ile karatasi, akamnyooshea. Wifi yake aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akasoma midomo ikichezacheza. Panya sita waliofungwa njia ya nyongo kwa uzi, bila dawa: hai wote. Sita waliofungwa, wakapewa dawa: wamekufa wote kabla ya asubuhi, ini limevimba.

"Kwa nini ulinificha?"

"Nilichoka. Miaka saba unanitukana. Nilitaka siku moja tu unipende. Nikasema ule mwingine nitakupa baadaye, nikikukuta una roho nzuri."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, hilo tu, na mafuta yakamnogea. Lakini wifi yake hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anaangalia tarehe.

"Hii ni ya miaka miwili."

"Ndiyo."

"Mama tumemzika mwaka jana."

"Ndiyo."

"Mama alikuwa na macho haya haya." Sauti ile ya juu ilikuwa imekwisha kabisa. "Nilimnywesha mimi. Kwa mkono huu. Siku tatu. Na wewe ulikuwepo chumbani."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilishika beseni," alijibu, na machozi yakaanza kumtoka. "Niliogopa kusema."

Wifi yake aliweka kikombe juu ya rafu polepole. Kule kwenye benchi mteja mmoja, macho yake nayo si meupe, akamwaga chake sakafuni.

"Nipelekeni hospitali," mgonjwa alisema.

Mkewe akarukia, akaingiza bega chini ya kwapa lake. Mumewe akauondoa mkono. Akauondoa taratibu, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Dada, nishike wewe."

Wakatoka wawili wale wamekumbatiana, mmoja anayumba na mwingine analia kwa sauti, wakishika njia ya hospitali kwenye jua kali. Yeye aliwafuata hatua kumi nyuma.

"Amekunywa viwili!" alipiga kelele. "Mwambieni daktari, vikombe viwili! Msisahau kumwambia!"

Hakuna aliyegeuka.