Sentimita Tisa za Goti la Mama

Kiwandani wanasema mdomo wangu hauna breki, na hawajakosea. Mimi ni fundi wa viyoyozi vya magari, mwaka wa kumi na saba huu, na nimeshawaambia wakuu watatu wa idara, tena usoni, kwamba hawajui wanachokisema. Ndiyo maana mpaka leo najishangaa. Siku niliyotakiwa kusema neno moja tu, nilipangusa maji kwa kitambaa, nikasaini karatasi, nikaenda zangu kula.

Nianze na goti la mama, maana ndilo lililotuingiza katika haya yote.

Mama yetu alianguka ngazini miaka minne iliyopita, akavunjika mguu wa kulia, na daktari akamtia chuma ambacho hakitatoka tena. Goti linakunja kidogo, kisha linagoma. Na mama ni mrefu, si utani. Ukimkalisha mbele kwenye gari dogo, muundi unagonga dashibodi hata kabla hajafunga mlango. Basi tukawa tunamweka nyuma, ubavuubavu, mguu umelala kwenye kiti chote, mkono umeshika kiti cha mbele, na kila dereva akikanyaga breki mama anauma meno. Hakulalamika, ila aliacha kutoka. Ukimuuliza mbona hukwenda kwa dada yako, anasema alichoka tu.

Mdogo wangu hilo lilimkaa rohoni. Yeye ndiye kitindamimba wetu, mhandisi, na pale kiwandani wanamwita Sentimita kwa sababu futi ya chuma haitoki kwenye mfuko wake wa shati. Sisi tunaunda magari madogo, na chini ya dashibodi, upande wa abiria, kuna vitu viwili vinavyogombea nafasi. Kimoja ni mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga ili uso wako usikutane na kioo. Kingine ni njia ya kiyoyozi, kazi yangu mimi. Sentimita akakaa akawaza, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: kwa nini masanduku mawili? Akaunda moja. Mfuko umekunjwa katikati, hewa baridi inapita pembeni yake, na kifuniko ni kimoja kwa vyote viwili. Akaokoa sentimita tisa. Jioni hiyo alikuja nyumbani na futi yake, akamkalisha mama kwenye kiti cha jikoni, akampima kutoka gotini mpaka ukutani, akasema, "Tisa, Mama. Zinakutosha na chenji."

Kiwanda kikampa gari moja la majaribio, atembee nalo miezi sita kabla wakubwa hawajalipitisha. Kila Jumanne akawa anampeleka mama hospitali kunyoosha mguu. Mama alikaa mbele, mguu mbele yake vizuri, kiyoyozi kinampuliza usoni. Siku za Jumanne alianza kuvaa hereni. Hereni ambazo sikuziona masikioni mwake tangu baba afariki.

Sasa nieleze tunavyofanya kazi, maana kosa liko humo.

Pale kwetu idara yangu iko upande mmoja wa ukuta, idara ya usalama upande wa pili. Upande ule anatawala mzee mmoja tunamwita Baruti, kwa kuwa kazi yake ni kufyatua mifuko ya hewa kutwa nzima na masikio yake hayasikii vizuri tena. Baruti akitaka kujaribu mfuko, sisi kwanza tunatoa gesi yote ya kiyoyozi, kwa usalama, maana gesi ikivuja karibu na kitu kinachowaka ni balaa. Sisi tukitaka kujaribu baridi, watu wa Baruti kwanza wanachomoa waya wa mfuko, kwa usalama vilevile, usije ukatufumukia usoni. Kila upande una karatasi yake, na kila upande unasaini. Tulipokuwa na masanduku mawili utaratibu huu haukuwa na kasoro. Ila Sentimita alikuwa amefanya sanduku moja, na sanduku hilo hakuna aliyewahi kulijaribu vyote viwili vikiwa vimeunganishwa kwa wakati mmoja. Isipokuwa mama, kila Jumanne.

Wiki tatu kabla ya siku ya wakubwa kulikagua, gari lililetwa kwangu kwa matengenezo. Nikafungua kifuniko, nikakuta maji. Hayakuwa mengi, matone tu, yamekaa pale penye kiungo cha waya wa mfuko. Fundi yeyote wa viyoyozi anajua yametoka wapi: penye baridi pana umande. Anajua pia maji na waya havipatani. Nilijua pale pale, nisijitetee.

Sentimita alikuwa amesimama nyuma yangu. Akayaona nilivyoyaona.

"Dada, hayo ni matone," akasema. "Mfuko una mfuniko wake wa ndani. Zimebaki wiki tatu. Usinitilie mchanga kitumbua changu."

Ningeweza kumjibu. Lakini kuna jambo la zamani kati yetu, na kila mtu katika ukoo analijua. Mimi niliacha shule ili yeye asome. Sikulalamika, na kazi yangu naipenda, lakini tangu apate kile cheti, kila nikimkosoa watu wananitazama kwa jicho la "tulijua tu". Shangazi aliwahi kunitamkia waziwazi kwamba nina kijicho. Nikaona, nikilisema hili la maji, nitakuwa dada mwenye kijicho aliyemnyang'anya mama yake kiti cha mbele. Kwa hiyo nikapangusa. Nikasaini upande wetu, nikajiambia upande wa pili wataliona.

Jumanne ile mama akaenda hospitali. Jumanne iliyofuata akaenda tena. Usingizi ulinipaa, nikawa nagombana na watu kwa mambo ya kipuuzi, hata mlinzi wa geti nilimfokea kwa kunisalimia mara mbili.

Jumanne ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya wakubwa. Sentimita alimleta mama mwenyewe ili wamwone akikaa, na waone goti. Waliingia uani saa nne asubuhi, gari limetoka mwendo wa saa nzima, kiyoyozi kinanguruma. Wakubwa walikuwa watano. Mama alishusha kioo, akawasalimia mmoja mmoja kama mwenye mji, hereni zinameta.

"Nyoosha mguu, Mama, waone," akasema Sentimita.

Mama akanyoosha. Wakubwa wakainama mlangoni, wakatikisa vichwa, mmoja akasema hata yeye na tumbo lake angeenea. Watu wakacheka. Kazi yangu ilikuwa kupima baridi tu. Nikaingia upande wa dereva na kipimo changu, nikakiweka kwenye tundu la hewa, na pale ndipo nikaona kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa kwenye dashibodi, kidogo, sawa na ukucha wa kidole gumba. Nikakibandua.

Chini yake palikuwa na taa nyekundu inawaka. Ile inayowaka mfuko wa hewa ukiwa na hitilafu, yenye alama ya mtu aliyekaa, na duara mbele ya kifua chake.

Nikashuka, nikamvuta mdogo wangu pembeni kwa mkono wa shati.

"Hii umeibandika lini?"

Akaiona tepu kidoleni mwangu. Rangi ikamtoka.

"Mwezi wa pili wa majaribio," akasema. "Ilikuwa inamsumbua mama macho. Dada, si kitu, inawaka kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi tu. Ukikizima, inazima."

Alisema hivyo ili kunituliza. Mimi nikayarudia maneno yake kichwani. Ukikizima, inazima. Na Baruti siku zote amejaribu kikiwa kimezimwa.

Nilirudi kwenye gari nikafungua mlango wa abiria.

"Mama, shuka."

"Nishuke niende wapi? Hawajamaliza kutazama."

"Shuka tu, nakuomba."

Mama akaniangalia, kisha akamwangalia mdogo wangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Uso wake ukabadilika, na nilijua anafikiri nini kabla hajafungua kinywa.

"Leo ni siku ya mdogo wako," akasema polepole, ili wakubwa wasisikie. "Mwachie siku yake. Siku moja tu, mwanangu."

Hilo liliniuma kuliko neno lolote nililowahi kuambiwa na mtu. Lakini nilikuwa nimechelewa wiki tatu kwa kuogopa neno hilohilo, na sasa limeshasemwa, sikuwa na cha kuogopa tena. Nikapaza sauti.

"Mfuko wa hewa kwenye gari hili sidhani kama unafanya kazi," nikawaambia wakubwa. "Ujaribiwe sasa hivi, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Kama nimekosea, nifukuzeni kazi leo hii."

Wakubwa wakatazamana. Mmoja akamuuliza Sentimita anasemaje. Mdogo wangu angeweza kunipinga, na wangemsikiliza yeye. Alishika futi yake mfukoni, akaiachia.

"Mama, shuka," akasema.

Kwa sauti yake, mama akashuka. Alishuka vibaya, akijishika mlangoni, na alikataa mkono wangu.

Baruti akaitwa. Akaja na mdoli wake wa majaribio, yule wa kimo cha mtu mzima, akamkalisha kwenye kiti cha mama, akamfunga mkanda. Mdoli hakuhitaji nafasi ya goti lakini alikaa nayo. Kisha Baruti akaunganisha kidude chake cha kuidanganya kompyuta ya gari kwamba limegonga ukuta, akatuamuru sote turudi hatua ishirini. Mama alipewa kiti cha plastiki. Kiyoyozi kiliendelea kunguruma peke yake ndani ya gari lililofungwa vioo.

"Zibeni masikio," Baruti akasema. Huwa analisema hilo kila mara, na kila mara mlio wa mfuko ukifumuka unakugonga kifuani hata ukiwa umeziba.

Tuliziba. Baruti akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Mdoli alikuwa amekaa vilevile, anatazama mbele. Baruti alidhani masikio yake yamemchezea, akauliza kama tumesikia kitu. Akabonyeza mara ya pili, na ya tatu. Kisha akatuzuia tusisogee, akasubiri kama utaratibu unavyotaka, akaenda peke yake kufungua kifuniko. Alirudi na kile kiungo cha waya kiganjani. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani, na kilikuwa kimelowa.

"Mimi niliambiwa nyie mmeangalia," akaniambia.

"Na mimi nilidhani ninyi," nikasema.

Wakubwa wakaondoka bila kuaga. Uani tulibaki wanne. Mama hakuwa mtu wa kuelewa mambo ya kompyuta za magari, lakini alikuwa amemwona yule mdoli kwenye kiti chake. Alimwita mdogo wangu, naye akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki.

"Ulijua lini?"

"Taa iliwaka mwezi wa pili, Mama. Sikujua maana yake. Wallahi sikujua, nilidhani..."

"Ukaifunika."

"Nikaifunika."

Mama alimwekea mkono kichwani. Kisha akainua macho kwangu. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyepaza sauti, ni mimi niliyesimamisha yote haya mbele za watu. Nilikuwa na maneno hayo tayari mdomoni.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe fundi wa miaka yote hii. Taa hukuiona mpaka leo, hilo nimeliona ulipobandua tepu. Lakini ulijuaje kwamba mfuko ujaribiwe kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Angeweza kusema, hakusema. Alinisitiri, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Niliona maji," nikasema. "Nikayapangusa."

"Lini?"

"Wiki tatu."

Midomo yake ikatikisika kidogo, na nikaelewa kwamba anahesabu Jumanne. Ile ya mvua kubwa, waliporudi nyuma ya lori la mchanga. Ile aliyoniletea machungwa kwa sababu nilionekana sina raha. Na hii.

Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea, maana kufokeana nakujua. Alivua hereni ya kulia, kisha ya kushoto, akazifunga ndani ya leso, akajiinua kwenye kile kiti kwa nguvu za mikono yake mwenyewe.

"Baruti," akaita, na ikabidi aite mara mbili ili mzee asikie. "Una gari?"

"Ninalo, mama. Bovubovu tu."

"Nipeleke nyumbani wewe."

Gari la Baruti ni la zamani na lina nafasi finyu mbele. Tulisimama mimi na mdogo wangu tukamtazama mama akiingia kiti cha nyuma, ubavuubavu, mguu ukilala kwenye kiti chote, mkono ukishika kiti cha dereva. Nikapiga hatua kwenda kumsaidia kufunga mlango. Aliufunga mwenyewe.