Aliyetutungia Sindano

Pua yake ilikuwa karibu iguse kitambaa. Ndivyo nimwonavyo Wanu hata leo kila nikimkumbuka: kakaa mkekani katikati ya wanawake tisa, kofia kaileta usoni kama anayeinusa, sindano inazama na kuibuka, inazama na kuibuka, na vitobo vinapangika nyuma yake vidogo kama ufuta. Alikuwa na miaka minane. Sisi tulioanza kushona kofia tangu Waingereza wapo hatukuwa na mkono ule.

Chumba changu cha mbele, pale Malindi ya Unguja, hakikujua upweke. Baada ya adhuhuri wanawake wa mtaani waliingia mmoja mmoja na vikapu vyao vya kushonea, wakanikuta na birika la chai ya tangawizi, mlango wazi na mdomo wazi zaidi. Nani kaposwa, nani karejeshwa kwao, nani kaonekana Forodhani na nani. Habari haijapoa kwa wenyewe, mimi nshaitia sukari. Kusoma sikusoma, ila Kurani chuoni kwa maalim, nako nilitoroka mapema. Nilichokijua nilikiokota njiani.

Wale wenzetu ambao macho yalishaanza kuwatupa walikuwa wakinyoosha mikono tu, sindano huku, uzi huku, na Wanu anazipokea. Nane, tisa kwa mpigo. Hakuwa na haja hata ya kuulamba uzi. Mtaa mzima ulisema hakuna macho kama ya mtoto yule.

Ndiyo maana hatukumsamehe.

Kwani Wanu huyu huyu, akishatoka kwangu na kukata kichochoro, alipishana na wakubwa bila ya kuwaamkia. Kwetu mtoto hampiti mtu mzima kimya; akimpita, mama yake ataulizwa. Yeye alimpita shangazi yangu kakaa barazani. Alimpita imamu. Alimpita mwalimu wake wa skuli mlangoni mwa duka la mkate, shingo wima, macho mbele, kama anayefuatwa na watumishi. Mtoto anayeliona tundu la sindano atakosaje kumwona mwanamume mzima na kanzu yake nyeupe? Basi ni kiburi. Na jina la Bi Maringo, nalisema na aibu yake ninayo mpaka leo, nilimpa mimi. Siku ya kwanza walilicheka wanawake tisa. Siku ya tatu nililisikia Darajani, katika vinywa vya watoto nisiowajua.

Likamfika baba yake. Mjaka alikuwa Mtumbatu, hamali wa bandarini, mtu mrefu wa maneno machache, anayeishi na mkewe Tabia na watoto wanne katika chumba kimoja cha chini nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwezi mwingine walikula muhogo asubuhi na muhogo jioni, lakini hukuwasikia kuomba chumvi. Alichokuwa nacho Mjaka ni jina lake. Akamchapa mtoto. Haikuwa mara moja. Nilisikia kutoka dirishani kwangu, nikawaambia wenzangu afadhali, atajifunza. Nayo hayo niliyasema.

Kisha ikaja skuli. Mwalimu alimwita Mjaka akamweleza kuwa mtoto hanakili ubaoni, huandika yake, na akiulizwa hunyamaza. Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, skuli bure, hospitali bure, na Mjaka alikuwa akijisifu, kwa yale maneno yake machache, kuwa watoto wake watasoma alichokikosa yeye. Alirudi nyumbani akakata shauri. Mwezi ukiandama, Wanu atapelekwa kisiwani Tumbatu kwa bibi yake, akachote maji, akatafute kuni, akapate adabu. Skuli basi. Tabia alikuja kulia mkekani kwangu mpaka chai ikapoa vikombeni.

Zilibaki siku kumi na moja nilipopata mafua, yakanichukulia sauti.

Wanawake walikuja kama kawaida, lakini chumba kilikuwa kama cha matanga. Siku ya tatu, alasiri, nimesimama mlangoni na sahani ya visheti, nikamwona Wanu anakuja na chupa tupu ya mafuta. Kichochoroni hapakuwa na mtu mwingine. Nikamnyooshea sahani, nikampungia mkono. Mtoto alivipenda visheti vyangu kuliko kitu chochote. Akaja, hatua kwa hatua, akanikaribia, akanipita, kanga yake ikanigusa goti. Nikauangalia uso wake vizuri. Kiburi sikukiona. Ulikuwa uso wa mtu anayepita ubavuni mwa ukuta.

Nikamshika mkono. Akashtuka, chupa ikamponyoka ikavunjika. Kisha akasogea, akauleta uso wake karibu na wangu kama alivyokuwa akiileta kofia, hata pumzi yake nikaisikia shavuni.

"Kumbe Bi Mwamvua. Shikamoo."

"Hukuniona?" nilimnong'oneza, ndiyo sauti niliyokuwa nayo.

"Leo hukusema. Wewe huanza kusema kabla sijafika."

Nilikaa pale barazani na vigae vya chupa miguuni, nikamhoji kwa mnong'ono, naye akanijibu bila ya wasiwasi wowote, kama ninayemuuliza habari za kila mtu. Mama yake humjua kwa bangili. Baba kwa kikohozi. Shangazi yangu humjua akitafuna tambuu, na asipotafuna hajui kama yupo. Mwalimu huvaa viatu vya mpira, havina mlio. Nikamuuliza ubaoni je, huyaoni maandishi? Akafikiri kidogo. Akasema husikiliza chaki inavyogonga, lakini wenzake wanasikiliza vizuri kuliko yeye.

Basi yule mtoto alidhani skuli nzima inasoma kwa masikio.

Magharibi ile nilikwenda kwa Mjaka na ile sauti yangu ya kukwaruza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nakiri. Kisha akaniuliza iwapo mtoto anayetunga sindano za mtaa mzima ndiye mwenye macho mabovu. Nikamwambia pengine karibu anaona na mbali haoni. Akasema macho ni macho. Akasema yeye ana mabinti watatu, na siku watu wakisikia mmoja kipofu, wote watatu watabaki mikononi mwake bila ya kuposwa. Nikawa bado nabishana, ndipo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye uliyesema ana maringo, Bi Mwamvua. Au si wewe?"

Niliaga.

Usiku ule sikulala vizuri, na alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya mchele na kikapu changu, sauti inarudi kidogo kidogo kama jogoo mgonjwa. Nyuma yangu kasimama Borafya. Huyo ukimpa siri asubuhi, adhuhuri inauzwa sokoni. Nikamwapisha. Nikamwambia asimwambie mtu, lakini Mjaka, yule Mjaka unayemwona kimya vile, kagundua mwenyewe kuwa mwanawe haoni mbali. Kagundua kabla ya mwalimu, kabla ya sisi sote tuliokuwa tukimsema mtoto. Na anampeleka kwa daktari kesho. Baba gani siku hizi, Borafya, anayemwangalia mtoto wa kike hivyo?

Borafya aliapa kwa mama yake. Hata zamu yangu haijafika, niliyasikia maneno yangu yakitoka mbele, kwa watu walionitangulia, yamenenepa: Mjaka kalia machozi.

Adhuhuri yalishafika bandarini. Alasiri wanawake wamekaa mkekani, mlango ukafanya kiza, nikajua ni nani kabla sijainua uso. Sindano zote zikasimama. Wanu mwenyewe akainua shingo, akasikiliza.

"Umenisemea nini kwa watu?"

"Mema," nikamjibu.

"Watu sita wamenisimamisha. Imamu kanishika mkono. Serang'i, msimamizi wetu, kasema kesho nisije kazini, yeye atanijazia nafasi." Nikajua nimecheza na jina lake, kitu alichokuwa nacho kimoja tu, na akitaka kunianika mbele ya wanawake wale, kuniita muongo, ana haki, na Wanu atakwenda Tumbatu kesho asingoje hata mwezi.

"Hospitali," akasema mwisho, "wanafungua saa ngapi?"

Tulikwenda wanne: Mjaka, Tabia, Wanu na mimi. Mjaka alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Daktari wa macho alikuwa Mchina mwembamba, na mkalimani wake kijana wa kwetu aliyekwenda kusoma huko kwao akarudi na kofia yao. Ukutani mwisho wa chumba walitundika karatasi yenye alama kama kitana chenye meno matatu, nyingine meno juu, nyingine chini, nyingine pembeni, ya kwanza kubwa kama sahani. Mtoto alitakiwa aoneshe kwa mkono meno yanaelekea wapi. Wanu alikaa, mkono wake umelala pajani. Mkalimani akarudia. Mkono haukuinuka. Nikamsikia Mjaka nyuma yangu anavuta pumzi, nikahisi anataka kumgombeza kwa kutotii.

Daktari akamwashiria Mjaka aende akasimame pale kwenye karatasi. Akaenda. Mkalimani akamuuliza mtoto anaona nini pale.

"Kanzu," akasema Wanu. "Imetundikwa."

Mjaka alikuwa kasimama pale pale, mikono imeshuka, mrefu kuliko dirisha. Kisha akakohoa, na mtoto akageuza uso akacheka. "Baba!"

Mkalimani alitueleza kuwa macho hayana maradhi. Hakuna dawa ya kutia, hakuna kupasuliwa. Yanaona karibu tu, ikizidi shubiri ni ukungu, na yamekuwa hivyo miaka. Dawa yake miwani, na kwa hapa haipo, vioo vitaagizwa Dar es Salaam. Mjaka aliuliza swali moja tu: akiwa nayo, ataona ubaoni? Walipomwambia naam, alikaa chini kwenye benchi la wagonjwa kama aliyeshushwa mzigo, akafunika uso kwa viganja vyake vile vipana. Tabia alinihadithia baadaye kuwa siku ile hakula, na kwamba kabla ya kulala alikwenda akakaa kitambo penye mkeka wa watoto.

Mwezi uliandama, hakuna aliyeitaja Tumbatu. Wiki saba tulingoja. Mimi nilikwenda skuli mwenyewe, nikamwambia mwalimu amuweke mtoto mbele na yeye asome kwa sauti anachoandika ubaoni, nikaongeza kuwa nayajua mengine juu yake ila sitoyasema. Akamuweka mbele.

Miwani ilipokuja ilikuwa ya mwanamume mzima. Fremu nyeusi, nzito, mikono yake inampita Wanu masikio na kutokeza kisogoni. Tukaipeleka kwa Gharib, sonara, aliyezoea kutengeneza vipuli vya maharusi. Aliipinda na kuikata kwa zana zile zile za dhahabu, akamvisha mtoto mara nne akamvua mara nne, na sisi tumeujaza mlango. Mara ya tano akasema nenda.

Wanu alitoka akasimama kizingitini. Alikuwa na uso mdogo nyuma ya fremu ile, nami nilikuwa nshajitayarisha kumpasua yeyote atakayecheka. Hakucheka mtu. Mtoto hakutazama minara wala bahari, wala sisi. Ng'ambo ya njia, kwenye kivuli, Mjaka alikuwa akimngoja na gari lake la kusukuma mizigo, ametoka kazini kwa muda, jasho linamtiririka. Wanu akamtazama. Akamtazama sana, mpaka mimi nikaona haya.

"Baba," akasema kutoka kule alikokuwa, "una mvi."

Mjaka akapapasa kidevu. "Zipo."

"Tangu lini?"

"Zamani, mwanangu."

Mtoto akavuka njia, akasimama mbele yake, akainua uso. Na Mjaka akafungua kitambaa chake cha kichwani, akainama pale pale njiani. Nyuma yake magari mawili ya kusukuma yalikuwa yamekwama, watu wanapiga kelele wapishwe.

"Tazama na huku," akamwambia.